Oksidi za Metali na Kipimo cha Uasidi

Katika viwanda vya Katanga, mawe ya shaba huliwazwa kwa asidi ya salfuriki hadi shaba itoke. Asidi ikipungua, shaba hubaki ndani ya mawe. Ikimwagika mtoni, huua samaki. Kwa hiyo pH ya maji hayo sharti ipimwe mara kwa mara. Daraja moja likishuka, uasidi huongezeka mara 10.

Kifaa kilichozoeleka ni cha kioo chembamba, nacho huvunjika upesi. Badala yake waweza kutumika waya uliopakwa oksidi ya iridi au ya rutheni. (Lugha ya migodini huihesabu malakiti pia miongoni mwa oksidi, ingawa kikemia ni kaboneti, hiyo si oksidi inayokusudiwa hapa.) Uso wa oksidi hupokea na kutoa ioni za haidrojeni, na volteji yake hubadilika kwa takriban milivolti 59 kwa kila daraja, joto likiwa nyuzi 25 za Selsiasi.

Hata hivyo, oksidi hizo hudanganywa na chuma. Maji ya viwandani huwa na ioni za chuma zinazobadilishana elektroni na oksidi, na kipimo hupotoka. Kioo hakina kasoro hiyo. Ndiyo maana watafiti hujaribu kuifunika oksidi kwa utando mwembamba unaopunguza mguso huo.