Betri ya Motokaa na Viungo Vyake

Umeme wa motokaa hutoka katika betri, ukapita katika nyaya kama maji yapitavyo mferejini. Mfereji ukizibwa, maji hayafiki shambani. Vivyo hivyo, unga mweupe au wa kijani ukishika vichwa vya betri, yaani vile viungo viwili vishikavyo nyaya, taa hufifia na injini haiwaki. Mwenye motokaa hudhani betri imekufa, akanunua nyingine bure, kumbe ugonjwa u katika kiungo.

Fundi mwenye akili huzima injini, kisha hufungua kwanza waya wa hasi. Sababu ni hii: katika motokaa nyingi bodi imeungwa na upande wa hasi. Spana ikigusa bodi na kichwa cha chanya pamoja, cheche huruka, na hewa itokayo katika betri yaweza kulipuka. Halafu huviosha vichwa kwa maji yenye magadi, maana magadi huvunja ukali wa asidi; huvisugua mpaka ving'ae, akavikausha. Hukaza waya wa chanya, na wa hasi mwisho, akapaka grisi ili unyevu usiingie.

Kiungo kilicholegea hupata moto, na moto huo waweza kuteketeza motokaa nzima. Kwa hiyo kazi hii, ijapokuwa ndogo, haidharauliwi.