Walsi: Ngoma ya Wakulima Iliyoingia Ikulu

Huko Austria, nchi ya Ulaya, msimu wa dansi ni wakati wa baridi. Kuanzia Januari hadi Kwaresima mashamba mengi yamelala. Hakuna kulima wala kupanda. Ndipo watu hufanya dansi kubwa za rasmi. Katika mji mkuu, Vienna, hufanyika dansi zaidi ya 400 kila msimu. Wawindaji wana dansi yao, waoka keki wana yao, hata wenye mikahawa wana yao. (Kahawa yenyewe haioti kwao. Inatoka kwa wakulima wa nchi za joto, kama sisi.)

Dansi inayojulikana zaidi hufanyika katika jumba la Opera ya Taifa, siku ya Alhamisi kabla ya Kwaresima. Viti vya ukumbini huondolewa na sakafu ya mbao hutandikwa. Wanaume huvaa makoti meusi yenye mkia nyuma. Wasichana wanaofungua dansi huvaa magauni marefu meupe na taji dogo. Mwaka 2024 tiketi ya kuingia tu ilizidi euro 350. Hiyo si dansi ya mtu wa kawaida.

Vijana huingia wawili wawili kwa mwendo wa taratibu. Kisha hutolewa amri: wote wacheze walsi! Mwanamume na mwanamke hushikana na kuzunguka, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu.

Ukiwatazama utadhani walsi ni ngoma ya wafalme tangu asili. Sivyo. Imetoka kwa wakulima.

Zamani wakulima wa Austria na wa Bavaria walicheza ngoma iitwayo lendla. Nayo ilikuwa na mapigo matatu. Waliicheza uwanjani au ghalani, wamevaa viatu vizito vyenye misumari. Walirukaruka na kukanyaga kwa kishindo. Katika miaka ya 1700 ngoma hiyo ikaingia mjini. Mjini sakafu ni laini na viatu ni vyepesi. Basi miguu ikaacha kukanyaga, ikaanza kuteleza, na mwendo ukawa wa kasi.

Wakubwa wengine waliikataa. Katika ngoma zao za heshima, bwana na bibi walishikana mikono tu. Katika walsi mwanamume humshika mwanamke kiunoni! Mwaka 1816 walsi ilichezwa katika dansi ya mtawala wa Uingereza. Gazeti la The Times la London likasema ni aibu, likawaonya wazazi wawalinde binti zao. Maneno ya namna hiyo hata vijijini kwetu tumeyasikia. Lakini walsi haikuzuilika. Johann Strauss wa Vienna na mwanawe, ambaye naye aliitwa Johann, walitunga walsi nyingi, na ikulu ikazicheza.

Na wakulima je? Wanayo dansi yao katika mji wa Graz. Chama cha wakulima huiandaa, na watu zaidi ya 10,000 huhudhuria. Mimi bwana shamba ningechagua hiyo. Hapo koti la mkia si lazima. Wanawake huvaa magauni ya kimila yenye aproni. Wanaume huvaa makoti ya sufu ya kijivu yenye ukosi wa kijani. Vijana wa vijijini ndio hufungua dansi, baada ya kufanya mazoezi.

Hucheza mpaka usiku wa manane. Wenye ng'ombe wa maziwa hawakawii sana, maana alfajiri kuna kukamua.