Hesabu ya Stima Nyumbani

Mwenye nyumba aliyeingiza stima huweza kushangazwa na mambo mawili. La kwanza, pasi moja hula fedha kuliko taa nyingi. La pili, waya uliotumika salama mwaka mzima huungua siku moja kwa ghafula. Yote mawili huelezwa kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya, ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya.

Kwanza yapasa kutofautisha kazi na nguvu. Chukua mfano wa watu wawili wanaoteka maji katika kisima chenye kina cha mita 9, kila mmoja akivuta kilo 20. Kilo moja huvutwa chini kwa nyutoni 10 hivi; basi 20 mara 10 mara 9 ni jouli 1,800. Hiyo ndiyo kazi, nayo ni sawa kwa wote wawili. Lakini mmoja amaliza kwa sekunde 30, na mwenziwe kwa sekunde 60. Gawanya jouli kwa sekunde: wa kwanza ana nguvu ya wati 60, wa pili wati 30. Wati, basi, ni kipimo cha wepesi wa kufanya kazi. Jina lake latokana na James Watt (1736-1819), fundi mashuhuri wa injini za mvuke.

Mita ya stima huhesabu kazi. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja, yaani jouli 3,600,000, sawa na kuvuta maji yale mara 2,000. Taa ya wati 10 humaliza yuniti hiyo kwa saa 100. Pasi ya wati 1,200 ikiwaka mfululizo huimaliza kwa dakika 50. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa habari ya waya. Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea, yaani wingi wa stima ipitayo katika waya. Pasi ile huvuta ampea 5, na birika la wati 2,400 huvuta ampea 10. Kila kimoja peke yake hakina madhara katika waya wa kuongezea ulioandikwa ampea 13. Lakini siku birika jipya linapochomekwa pamoja na pasi, jumla ni ampea 15, nao waya hupata moto. Tena ampea zikiwa maradufu, joto huwa mara nne.

Fyuzi ni mlinzi: huyeyuka ili waya usiungue. Atiaye msumari mahali pake amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka chombo kipya, na zisomwe wati zilizoandikwa juu yake, zijumlishwe na za vile vilivyomo, kisha zigawanywe kwa 240. Hesabu ya dakika moja yaweza kuokoa nyumba nzima.