Kwa Nini Dhahabu "Hupotea" Duara Linapozidi Kina

Wachimbaji wadogo wengi wa Kanda ya Ziwa wamekutana na jambo hili. Duara huanza katika udongo mwekundu. Mawe yakisagwa na kuoshwa, dhahabu huonekana. Likishuka hadi kwenye mwamba mgumu wa kijivu unaometameta, mavuno hupungua ghafla, ingawa vipimo vya maabara huweza kuonyesha kuwa dhahabu bado imo. Wako wanaosema kuwa imehama, na wako wanaokimbilia wapiga ramli. Jibu limo katika namna mwamba wenyewe ulivyoumbika.

Miamba yenye dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ina umri unaozidi miaka bilioni 2.6. Volkano zilimwaga lava chini ya bahari, na huko Geita matabaka ya chuma yakatuama juu ya sakafu ya bahari hiyo. Baadaye ardhi ilikunjamana na kupasuka, na maji yenye joto la nyuzi 300 hivi yakapanda katika nyufa kutoka kina cha kilomita kadhaa. Maji hayo yalikuwa na salfa, na salfa ndiyo iliyoibeba dhahabu, kwa maana maji matupu hayawezi kuiyeyusha kwa kiasi cha maana. Mwamba wa kawaida una gramu chache tu za dhahabu katika tani 1,000. Mahali panapofaa kuchimbwa, gramu hizo chache hupatikana katika tani moja.

Ni nini kilichoyafanya maji yautue mzigo wake? Huko Geita, chuma cha mwamba kilinyakua salfa na kuunda pairaiti, yale madini ya rangi ya shaba nyeupe ambayo wengi huyadhania dhahabu. Dhahabu ikakosa mbebaji, ikaganda humo humo. Kwingineko shinikizo lilishuka ghafla ufa ulipofunguka, nayo ikaganda ndani ya mawe meupe ya kwatzi. Fedha husafiri njia hiyo hiyo, ndiyo maana karibu kila dhahabu ya asili ina fedha ndani yake, na mnunuzi sokoni hupima usafi kabla ya kutaja bei. Shaba nayo huweza kuandamana nazo: makinikia ya Bulyanhulu yaliyozua mjadala mkubwa mwaka 2017 yalikuwa na madini yote matatu.

Sasa turudi kwenye duara. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji ya mvua vimeiozesha pairaiti kwa muda mrefu mno. Chuma chake kimekuwa kutu, ndiyo wekundu wa udongo, na dhahabu imeachwa huru. Chini ya usawa wa maji ya ardhini pairaiti ingali nzima, na chembe nyingi za dhahabu zimefungwa ndani yake, mahali ambapo zebaki haiwezi kuzifikia. Kuongeza zebaki hapo hakuongezi dhahabu. Huongeza tu mvuke wenye sumu kwa yule anayeichoma na kwa watoto walio jirani. Mwamba wa namna hiyo huhitaji kusagwa laini zaidi na kuchenjuliwa kwa njia nyingine, hivyo ni busara kupima sampuli kabla ya kugharimia kina zaidi.

Lipo pia suala la maji ya kunywa. Pairaiti iliyotolewa chini na kurundikwa juu kama marudio huanza kuoza mara moja. Uozo huo huzalisha tindikali, na tindikali huweza kuyeyusha metali zenye sumu. Mahali penye aseniki, hiyo nayo huingia majini. Matope ya rangi ya machungwa chini ya rundo ni dalili, lakini maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa na sumu. Kuyachemsha hakuondoi aseniki. Kaya yenye kisima kilicho chini ya mteremko wa marudio isisubiri dalili: itoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata na iombe maji yapimwe metali, siyo vijidudu pekee.