HESABU ZA KICHWA KWA WATOTO WA DARASA LA I NA LA II

Wazazi, walezi, walimu na watumishi wa Serikali walioko Idodi wanakumbushwa kuwa mtoto asiyeweza kujumlisha na kutoa bila kuchora vijiti daftarini hupata taabu kubwa afikapo darasa la III, ambako namba hukua na vijiti havitoshi tena. Mtaala wa madarasa ya chini ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini kuhesabu si kuandika jibu tu.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtoto. Asemaye "kumi na nne" amekwisha kutaja kumi moja na mamoja manne. Kwa hiyo 8 kujumlisha 6 isihesabiwe kidole kwa kidole: 8 yahitaji 2 kutimiza kumi, 2 hiyo ichukuliwe katika 6, zimebaki 4, jibu ni kumi na nne. Lililo la kwanza, basi, ni kuzihifadhi kwa ghibu jozi za kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Punje kumi za mahindi zatosha: mzazi hufunika baadhi, mtoto hutaja idadi ya zilizofichwa.

Ugumu huanzia ishirini. Sitini, sabini na tisini hufanana na sita, saba na tisa, kwa kuwa zote zimetoka katika Kiarabu. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hazimwonyeshi mtoto mbili, tatu, nne, tano wala nane. Inashauriwa aseme kwanza "makumi mawili", "makumi matatu", hadi atakapozoea.

Kuhusu kutoa, tuchukue familia iliyovuna magunia 43 ya mpunga na kuuza 19. Mtoto aliyezoeshwa kupanga namba wima tu, akiona 3 haitoshi kutolewa 9, mara nyingi hugeuza: 9 toa 3 ni 6, 4 toa 1 ni 3, akaandika 36. Kosa hili ni la kawaida mno, na kalamu nyekundu peke yake hailiondoi. Kichwani njia ni fupi: 43 toa 20 ni 23, limetolewa gunia 1 zaidi, lirudishwe, yamebaki 24.

Muuza duka naye hupanda badala ya kushuka. Bei ikiwa shilingi 650 na noti ni ya 1,000, kutoka 650 hadi 700 ni 50, kutoka 700 hadi 1,000 ni 300. Chenji ni 350. Mtoto anayetumwa dukani ajue kupanda hivyo kabla ya kuondoka, maana akipunjwa hasara ni ya nyumba nzima.

Aidha, walimu wanaombwa kumpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri kabla ya kumtaja mwingine, kisha wamuulize, "Umepataje?" Anayeeleza kwa Kihehe asikilizwe. Vidole visikatazwe kwa fimbo; navyo ni mwanzo halali. Dakika tano kabla ya somo zinatosha, na vijiti viachwe mezani kwa anayevihitaji bado.