Programu Inapohama Meza

Mara ya kwanza kupeleka programu ya kupimia kwenye maabara ya mteja, nilibeba faili moja tu ndani ya flashi. Mezani kwangu ilikuwa imefanya kazi mwezi mzima bila kusumbua: inaiamuru multimita ipime, inapokea jibu, inachora grafu, inahifadhi matokeo. Kule nikabofya, ukatokea ujumbe kwamba programu inahitaji injini ambayo haimo kwenye kompyuta hiyo. Maabara haikuwa na intaneti. Fundi aliyekuwa ameacha kazi zake kunisubiri akaniuliza kwa upole, "Sasa injinia, inakuwaje?" Nikarudi nilikotoka.

Kompyuta ya mwandishi wa programu si kompyuta ya kawaida. Kwa miaka imerundikiwa draiva, maktaba na mipangilio ambayo mwenyewe hakumbuki tena aliiweka lini. Programu yake huazima vitu hivyo kimyakimya kila inapofunguliwa, na deni hilo halionekani mpaka siku ya kuhama.

Chukua LabVIEW, zana ya kuundia programu, ambayo kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, iliitoa mwaka 1986 na ambayo imeenea sana katika maabara na viwanda. Humo huandiki mistari ya maneno. Unachora vijisanduku na kuviunganisha kwa nyaya. Kazi ikikamilika unaijenga iwe faili ya EXE, na wengi wetu tukiiona faili hiyo hudhani safari imekwisha. Lakini EXE hiyo haiwezi kusimama peke yake. Inataka iwepo LabVIEW Run-Time Engine, injini inayoiendesha. Injini ni ya bure. Kinacholipiwa ni mazingira ya kuundia, ambayo mteja hayahitaji. Tatizo ni toleo. Programu iliyojengwa kwa LabVIEW 2016 inadai injini ya 2016, si ya mwaka uliotangulia wala uliofuata. Kuanzia toleo la 2017 sharti hilo lililegezwa: injini mpya zaidi inaweza kuendesha programu iliyojengwa kwa 2017 au baadaye. Hata hivyo, programu ya biti 32 bado inataka injini ya biti 32, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64.

Injini ikishapatikana, dirisha linafunguka na vitufe vinabonyezeka. Multimita haijibu. Hapa ndipo nimeona watu wakibadilisha kebo tatu mfululizo, ilhali kebo haina kosa. Kati ya programu na kifaa kuna tabaka liitwalo VISA, linalopokea amri na kuipitisha kwenye USB, mtandao, poti ya siriali au GPIB, ule mfumo wa kuunganisha vifaa ulioanzia Hewlett-Packard na kuwa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975. Chini ya VISA kuna draiva ya adapta. Tabaka moja likikosekana, amri haifiki. Anayetumia Python haponi: PyInstaller itamfungia msimbo wake ndani ya EXE, lakini PyVISA, inayoiunganisha Python na VISA, kwa kawaida huitafuta maktaba ya VISA kwenye kompyuta ya mwenyeji.

Kuna kosa jingine ninaloliogopa kuliko hayo yote, kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Tuseme programu imeandikwa Nairobi kwenye Windows ya Kiingereza, kisha ikapelekwa Bujumbura au Lubumbashi, ambako kompyuta nyingi zimepangwa kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa, sehemu ya desimali hutengwa kwa mkato, si nukta. Multimita haijui hayo, inatuma 5.987 kwa nukta kama kawaida yake. LabVIEW, isipoelekezwa vinginevyo, hufuata mpangilio wa kompyuta: inasoma 5, inakutana na nukta isiyoitambua, inaishia hapo. Volti 5.987 zinaingia kwenye kumbukumbu kama 5. Grafu inachorwa na ripoti inasainiwa. Anayepima betri au dawa kwa namba hizo hana namna ya kushuku. Tiba ni ndogo sana: kiambie kigeuzi cha maandishi kuwa namba kisitumie alama ya desimali ya mfumo. Ninaikagua sehemu hiyo katika kila programu inayopita mikononi mwangu, ziwemo nilizoandika mwenyewe.

Folda nayo ina lake. Programu inayohifadhi mipangilio yake ndani ya Program Files itafanya kazi kwako unayeiendesha kwa mamlaka yote ya kompyuta, na itakataliwa kwa mtumiaji wa kawaida.

Tangu siku ile nina kompyuta moja kuukuu ambayo LabVIEW haijawahi kuingia na haitaingia. Kila kifurushi cha kusakinisha, chenye EXE, injini, VISA na draiva pamoja, hupita hapo kwanza, intaneti ikiwa imezimwa, multimita halisi ikiwa imechomekwa. Kompyuta pepe husaidia kukagua injini, lakini kadi ya GPIB huwezi kuichomeka humo kirahisi.

Safari ya pili nilimwomba fundi yuleyule asakinishe mwenyewe, nami nikae pembeni. Alikwama mahali pamoja: skrini ilimtaka achague poti. Kwangu multimita ilikuwa COM3, kwake COM5, naye hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Jioni ile niliiandika upya skrini. Sasa programu inapita kwenye kila poti iliyopo na kuuliza *IDN?, swali ambalo vifaa vinavyofuata SCPI, lugha ya amri za vifaa vya kupimia, hujibu kwa kutaja mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho na toleo la programu yake ya ndani. Fundi anaona jina lilelile lililobandikwa usoni pa multimita, na analichagua.