Wimbi na Mgagani: Chakula Kimtambulishacho Mkisii

Mtu wa pwani akitajiwa Kisii, mara moja hukumbuka ndizi. Hana kosa. Mikungu ya vilima vile hupakiwa malori hadi Nairobi na miji mingine. Lakini ukimwuliza mwenyeji, awe wa Kisii au wa Nyamira, ni chakula gani hasa cha kwao, aghalabu atakutajia viwili: obokima na chinsaga.

Obokima ni ugali wa wimbi. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, nao husongwa mpaka ukashikana barabara. Kwa desturi huletwa mbele ya wageni ndani ya kijikapu kilichosukwa, ambacho huuhifadhi joto, na walaji humega kwa mkono.

Chinsaga ni mboga ya mgagani. Wengi wetu huuona mgagani ukijiotea shambani, tukaupita kwa sababu ya uchungu wake. Mama wa Kikisii hauogopi uchungu huo. Huichemsha mboga kwa muda mrefu, akatia maziwa kidogo kidogo, na kesho yake akaiinjika tena. Kila inapoinjikwa uchungu hupungua na utamu huzidi. Sisi mchicha tunautia tui. Wao, watu wa ng'ombe, hutia maziwa. Na kama vile mzazi wa pwani anavyopewa uji wa pilipili manga, mzazi wa Kikisii hupewa chinsaga ili apate nguvu.

Na vinywaji je? Kuna maziwa ya mgando, na kuna uji wa wimbi. Ni kweli kwamba wimbi huohuo tangu zamani hupikiwa pombe, nayo ilikuwa na nafasi yake katika sherehe za wazee. Mgeni Mwislamu asiione nafaka yenyewe kuwa na dosari. Wimbi ni halali. Kilichokatazwa ni kilevi. Aombe uji, atakunywa na kushukuru.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chakula hiki kinazidi kuwa cha wageni na harusi tu. Wimbi una kazi: palizi yake ni ngumu, na masuke hukatwa kwa kisu, moja moja. Mahindi ni mepesi zaidi. Tena, tangu Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ilipoundwa mwaka 1964 kuwahudumia wakulima wadogo, majani ya chai yametanda vilimani na kuleta fedha za karo. Mashamba nayo yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa vipande. Mwenye kipande kidogo atachagua nini: fedha ya chai, au wimbi wa babu yake?

Hata hivyo, wimbi si wa kudharauliwa. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, madini yajengayo mifupa, ilhali mahindi makavu hayafiki hata 30. Wazee hawakuzijua hesabu hizo, lakini waliijua faida.

Basi, ndugu msomaji, safari ikikufikisha Kisii usitosheke na ndizi. Uliza obokima, uliza chinsaga. Mwenyeji atafurahi kwamba umemjua kwa chakula chake. Na pengine kijana wake, akiona mgeni ametoka mbali kukitafuta, naye atakithamini. Mwacha mila ni mtumwa.